Nilivyozifuata Toyota hadi Abuku

Muuza spea huyajua magari kwa yale yaliyoharibika. Dukani kwetu Ngamiani, Tanga, watu hutuletea bushi zilizolika, boljointi zilizolegea na shokapu zinazovuja mafuta, nami nikikishika kile chuma mkononi huweza kukisia gari limepita wapi na limebeba nini. Vingi kati ya hivyo ni vya Toyota. Lakini gari lenyewe likiwa huko linakochakaa, mbali na bahari na mbali na lami, sikuwa nimeliona. Rafiki yangu mmoja, dereva wa malori mzaliwa wa Koboko ambaye hupita dukani kila akija Tanga, ndiye aliyenialika kwao Abuku, kaskazini-magharibi kabisa mwa Uganda. "Unatuuzia vyuma, njoo uone vinakwenda wapi," aliniambia. Nikafunga begi.

Nilivuka mpaka pale Horohoro, na Mombasa nikapanda basi la Kampala linalopitia Nairobi. Safari hiyo ni ndefu, na wengi wameshaisimulia. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye magari tuliyoongozana nayo, maana nilitambua upesi kwamba njia niliyoishika ndiyo njia yao. Gari lililokwisha tumika Japani hushushwa melini Mombasa, hukamilishiwa karatasi za forodha, kisha huanza mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100 kwenda Kampala. Mengine hupakiwa kwenye malori ya kubebea magari, mengine huendeshwa moja moja na madereva wa kukodiwa. Kwetu tunayaita magari ya IT, na tumezoea kuyaona yakitoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Tunduma. Niliposhuka Malaba kugongewa pasi niliyakuta yamejipanga, Vitz, Wish, Noah, Premio, Probox, yote yana vumbi la nchi nzima ya Kenya, na madereva wake wamelala viti vya mbele miguu ikiwa dirishani.

Kampala nilifikia kwa shemeji yake mwenyeji wangu, naye asubuhi akanipeleka Nakawa. Ziko hapo yadi za magari ambazo wenyewe huziita bondi, kwa sababu gari hukaa humo likisubiri kulipiwa ushuru. Nimeona yadi nyingi Dar es Salaam, lakini hapa nilipita kati ya magari mpaka nikapoteza upande niliotokea. Kwenye vioo vya nyuma vya baadhi yake bado vipo vile vibandiko vya duara vya maegesho vilivyobandikwa Japani, vimeandikwa jina la mji gari lilikolala. Nilifungua mlango wa Noah moja, kijana wa yadi akawasha swichi, na redio ikanikaribisha kwa sauti ya mwanamke wa Kijapani. Nilisimama nikamsikiliza hadi akamaliza. Gari lile lilikuwa bado halijui kwamba limehama.

Kijana yule alinieleza jambo ambalo lilikuja kunifaa baadaye. Tangu mwaka 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe. Kenya ni kali zaidi, mwisho wao ni miaka minane. Kwetu Tanzania gari kuukuu linaingia, ila mwenyewe hulipa ushuru wa ziada wa uchakavu. "Kila Januari ikiingia," alisema, "mwaka mmoja unatoka hapa uwanjani." Akanionyesha upande wa Probox, akasema hizo hazikai, wanunuzi wake wanatoka kaskazini na wanakuja na pesa taslimu.

Kabla ya kuondoka Kampala nilitaka pia kuona mahali Toyota inapouzwa ikiwa mpya. Kwa hiyo nikaingia kwa wakala wake katika Industrial Area. Sakafu ilikuwa inang'aa, na gari lilikuwa na harufu ambayo katika kazi yangu sikutani nayo kamwe, harufu ya mpira ambao haujakanyaga kitu. Muuzaji, kijana nadhifu, alinikaribisha kwa "Karibu, ssebo," akanihudumia kwa heshima ileile ambayo angempa mtu mwenye nia ya kununua. Alikuwa na hadithi, na alizisimulia vizuri. Alianza na mzee Sakichi Toyoda aliyebuni mitambo ya kufumia nguo, akaja kwa mwanawe Kiichiro aliyeanzisha kampuni ya magari mwaka 1937. Akaniambia Land Cruiser ilizaliwa mwaka 1951. Kisha akafika kwenye Safari Rally, na hapo mikono yake ikaanza kucheza: jinsi Björn Waldegård alivyoshinda mwaka 1984 akiwa na Celica, Juha Kankkunen akafuata 1985, Waldegård tena 1986, na jinsi Toyota ilivyoanza kushinda upya tangu mashindano hayo yaliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021. Mbio hizo zilipoanza mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na alizisimulia kana kwamba alikuwa amesimama pembeni mwa barabara.

Nilishangaa kukuta Starlet mpya. Starlet ninayoijua mimi ni ile ndogo ya miaka ya tisini, ambayo plagi zake nimeziuza kwa madazeni. Hii ya sasa hutengenezwa India na Suzuki, ikavishwa nembo ya Toyota kwa ajili ya soko la Afrika. Nilimwuliza kijana kama amewahi kufika Koboko. Hajafika, alisema, lakini Hilux na Land Cruiser nyingi anazozitoa zinaelekea huko juu.

Basi la Arua liliondoka alfajiri. Ni karibu kilomita 500, na hadi Luweero hakuna jambo geni, migomba na majumba ya matofali. Baada ya hapo ardhi inatanuka na kuwa tambarare, ng'ombe wenye pembe ndefu wanaanza kuonekana, na pale Migyera basi likasimama wakaja wauzaji madirishani na mishikaki na gonja za kuchoma. Karuma ndipo nilipoacha kuzungumza. Mto Nile unapita pale kwa hasira, maji meupe yanapanda juu ya mawe, na nyani wamekaa kingo za barabara wakisubiri mabasi. Chini ya ardhi, karibu na hapo, kuna mitambo ya umeme ya megawati 600 iliyozinduliwa mwaka 2024. Mwaka huohuo daraja la Karuma lilifungwa miezi kadhaa kwa matengenezo, na abiria aliyekaa jirani yangu, mama mwenye duka la vitenge Arua, alinisimulia jinsi mabasi yalivyozungushwa njia za mbali na bei ya kila kitu kwao ikapanda. "Sisi wa ng'ambo hii tunaishi kwa madaraja mawili," alisema.

La pili ni la Pakwach. Nile niliyoiona Karuma ikigombana, hapa imetulia na kupanuka, majani ya mto yanaelea taratibu kuelekea Sudan Kusini. Kuna askari darajani, na yule mama akanigusa mkono akaniambia, "Mwanangu, weka simu mfukoni." Nikaiweka. Tulipovuka, wachuuzi wa samaki waliukimbilia mlango wa basi, na kutoka hapo barabara ikaanza kupanda kwenda Nebbi, hewa ikawa baridi, na giza likatukuta kabla ya Arua.

Arua ni jiji tangu Julai 2020. Nilitarajia mji wa mwisho wa njia, watu wanaosubiri habari kutoka kwingine. Nilikuta njia panda. Sokoni nilisikia Kilugbara, Kiarabu cha Juba, Kilingala na Kiswahili, na jambo lililonifurahisha kuliko yote ni Kiswahili hicho. Kampala nilizoea kukiona kinapokewa kwa kusitasita, lakini Arua nilimwuliza muuza karanga bei naye akanijibu papo hapo, kwa Kiswahili chenye harufu ya Kongo, wala hakushangaa mimi ni nani. Chakula cha usiku kilikuwa enyasa na angara. Enyasa ni bada yetu ya Tanga, ule ugali wa muhogo, iliyochanganywa na nafaka, ikawa nyeusi na nzito zaidi, na angara ni samaki wakavu waliopikwa kwa rojo. Nilikula kwa mkono, nikaongezewa bila kuomba.

Mwenyeji wangu alikuwa amenisubiri hapo, na asubuhi, badala ya kunionyesha mji, alinipeleka gereji. Alinijua. Ilikuwa ni uwanja mpana chini ya miembe, udongo umekuwa mweusi kwa oili, na kati ya magari yaliyofunguliwa nikahesabu Land Cruiser nyeupe nyingi kuliko nilizopata kuziona mahali pamoja. Hizi ni zile kwetu tunaziita mkonga, kwa lile bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni hadi juu ya paa. Mzee aliyekuwa akisimamia kazi aliniruhusu nichungulie. Injini ilikuwa 1HZ, dizeli ya silinda sita, lita 4.2, ambayo Toyota ilianza kuitumia mwaka 1990. Haina tabo, haina kompyuta. Mzee alinionyesha kichwa cha injini kilichokuwa kimelazwa juu ya gunia, akapitisha kidole kwenye uso wake, halafu akanishika kidole changu akakipitisha palepale. Nilihisi kibonde ambacho jicho halikukiona. "Imechemka," alisema. "Ikachongwe, irudi. Hii hatuitupi."

Nilimwuliza alianza lini kuzijua. Akakaa juu ya rimu, akanisimulia. Serikali ya Amin ilipoanguka mwaka 1979, watu wa West Nile walilipiziwa kisasi, wakakimbilia Zaire na Sudan kwa maelfu. Yeye alikuwa kijana mdogo. Gari la kwanza kumpakia maishani mwake lilikuwa Land Cruiser ya wahudumu wa wakimbizi, huko Sudan, alipokuwa na homa. Kambini alijifunza ufundi kwa kuwashikia madereva spana. Waliporudi nyumbani katikati ya miaka ya themanini alirudi na ufundi huo. Na sasa mambo yamegeuka: Wasudani Kusini ndio wanaokimbilia kwao. Kambi ya Bidi Bidi katika wilaya ya Yumbe ilifunguliwa Agosti 2016, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imepokea zaidi ya watu robo milioni. Magari meupe yakaja pamoja nao. Mengi ya magari ya namna hiyo mashirika ya misaada huyanunua kupitia kampuni iliyoko Gibraltar, Toyota Gibraltar Stockholdings, ambayo kazi yake ni kuyafunga redio, matangi ya ziada na mikonga kabla hayajapelekwa kwenye shida. Shirika likimaliza kazi, gari hupigwa mnada, na kutoka mnadani huja hapa chini ya mwembe.

Nilikaa gerejini hapo hadi jua lilipoinama. Hadithi za yule kijana wa Kampala zilikuwa za ushindi, na nilizipenda. Hii ya mzee nilitamani kijana yule angekuwepo kuisikia.

Kutoka Arua kwenda Koboko ni lami safi, sehemu ya barabara ya kilomita 92 hivi inayoanzia Vurra kwenye mpaka wa Kongo na kuishia Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Tulipanda Hiace, ya lile toleo jipya ambalo Waganda wamelipa jina la drone, na ilikimbia kwelikweli. Koboko nilipata mshangao mwingine. Karibu na hapo, mahali paitwapo Salia Musala, Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Matokeo yake, katika barabara moja ya mji mdogo, unaona namba za magari za nchi tatu, na usukani upande wa kulia na wa kushoto. Uganda wanaendesha kushoto kama kwetu. Kongo na Sudan Kusini wanaendesha kulia. Nilidhani jambo hilo lingemchagulia mnunuzi gari. Mfanyabiashara mmoja wa Juba, aliyekuwa akipakia sabuni kwenye Noah yenye usukani wa kulia, alinijibu bila kuacha kupakia: gari la usukani wa kulia ndilo linalopatikana Kampala, basi hilo ndilo linalokwenda Juba. Akitaka kulipita lori, hutanguliza jicho la msaidizi wake aliyekaa kushoto.

Abuku ni tarafa ndogo ndani ya wilaya ya Koboko, wenyeji ni Wakakwa, wakulima wa muhogo, mtama, karanga na ufuta. Lami tuliiacha mjini tukashika barabara ya udongo mwekundu, na gari lilikuwa Probox. Kwa mtu wa kazi yangu safari ile fupi ilikuwa darasa. Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, gari la makarani na wauzaji wa kupeleka bidhaa, limetengenezwa libebe makaratasi na masanduku mepesi mjini. Hapa ilikuwa imeinuliwa, springi za nyuma zimewekewa vipande vya chuma ili zipande juu, paani kuna keria iliyochomelewa, na juu yake magunia ya muhogo mkavu, baiskeli, na mbuzi mmoja aliyefungwa kwa uangalifu. Ndani tulibanana hata sikuweza kujua mguu upi ni wangu. Kila tuliposhuka bonde niliisikiliza chini, nikisubiri ule mlio ninaoujua wa bushi iliyokwisha. Sikuusikia.

Tulipofika kwenye maduka ya Abuku nilimwomba dereva anifungulie. Akainua kwa jeki, akanipa mkeka nilale. Bushi za nyuma hazikuwa za kiwandani wala za Dubai. Zilikatwa kutoka ubavuni mwa tairi la lori, zikachongwa kwa kisu hadi zikawa duara, zikatobolewa kwa chuma cha moto, nyuzi za tairi zikionekana wazi kwenye mkato. Nilizikwangua kwa ukucha. Kazi ya mikono safi kabisa! Nilimwambia kweli ninayoijua: mpira wa tairi la lori ni mgumu mno, unaliokoa gari leo lakini unausukuma mtikiso kwenye bodi, na baada ya muda chuma kinaanza kupasuka pale kinapounganishwa. Akanionyesha pale pale alipokwisha kuchomelea. Alikuwa anajua. "Ile ya dukani ni bora, mzee," alisema, "lakini duka liko Arua, na mgonjwa yuko hapa."

Maana ndivyo gari hili linavyozungumzwa Abuku. Jioni tuliketi uani kwa mwenyeji wangu, wazee kwenye viti, vijana kwenye magogo, na kila mmoja akawa na habari ya gari. Hakuna aliyetaja mashindano wala mwaka wa kampuni. Walisimulia usiku wa mvua ambapo mama mjamzito alipelekwa hospitali ya Koboko na Probox hiyohiyo, vijana wakiisukuma kwenye matope huku mkunga yuko ndani. Walisimulia Corolla ya mwalimu fulani iliyobeba maharusi wa ukoo mzima. Mzee mmoja alikumbuka Peugeot 504 za zamani kwa mapenzi makubwa, akasema zilikuwa laini barabarani, ila zikifa zinakufa kabisa, kwa sababu hakuna wa kukuuzia kipande. Toyota ikifa, alisema, kijiji cha pili kuna nyingine iliyokufa ugonjwa tofauti. Hapo nilicheka kwa furaha, kwa kuwa ndiyo maelezo bora zaidi ya biashara yangu niliyopata kuyasikia.

Asubuhi kabla sijaondoka nikaitwa na kina mama wa kikundi cha kuweka akiba. Walikuwa wameshasikia mgeni anauza spea. Wanataka kununua Probox yao wenyewe, ipeleke muhogo na karanga soko la Koboko na ikihitajika ipeleke wagonjwa, na waliniuliza maswali ambayo wateja wangu wa mjini hawaulizi. Nikawaeleza nilivyoweza. Injini ya 1NZ, ya lita 1.5, inatumia cheni, siyo mkanda, na mafundi wao wanaijua. Magari ya toleo la kwanza yanapatikana yenye gia ya mkono. Toleo lililorekebishwa mwaka 2014 lina gia boksi ya CVT, tulivu na haili mafuta, lakini inataka oili yake maalumu, na ikiharibika fundi wa chini ya mwembe hana la kuifanyia. Sasa, ukiweka na ile sheria ya miaka 15, magari ya gia ya mkono yanayoruhusiwa kuingia yanapungua kila mwaka, na ifikapo mwaka 2030 hata ya mwisho yatakuwa yamefungiwa mlango.

Wakanong'onezana kwa Kikakwa kwa muda. "Na yale yaliyoko tayari nchini?" akauliza mwenyekiti wao.

"Hayo sheria haiyagusi, mama. Lakini yamebeba muhogo miaka mingi."

Wakaamua wawili kati yao waende Nakawa pamoja na fundi, wakatafute ya mwaka 2012 au 2013 yenye gia ya mkono, na mwenyeji wangu atawapokea Kampala. Mweka hazina, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliandika yote kwenye daftari la mistari, aina ya injini, mwaka, gia. Halafu akageuza ukurasa mpya na kuniuliza bushi nne za nyuma kutoka Tanga hadi Abuku zitafika kwa siku ngapi na kwa bei gani. Nilimwandikia namba ya duka, nikamwambia zitakuja na lori la rafiki yangu, na kwamba yeye nitamfanyia bei ya jumla.

Akauliza bei ya jumla ni pungufu kiasi gani. Tukaanza kupatana.